Potwe, Pweza na Mafundi wa Bao: Nani Anashika Rekodi za Ubongo?

Samaki mkubwa kuliko wote duniani huja mbele ya Kilindoni, kisiwani Mafia, kila mwaka, kuanzia Oktoba hivi hadi Machi, na akili si sifa yake. Potwe anaweza kukaribia urefu wa mita 18, ingawa wengi wanaoonekana Mafia ni vijana ambao hawajafika hata mita 10. Ubongo wake ni mdogo mno kwa mwili ule. Lakini unamtosha, kwani chakula chake ni vijidudu vya majini na visamaki ambavyo huvifuata mdomo wazi.

Ubongo mzito kuliko wote anao nyangumi yule wa ambari, ambayo wafanyabiashara wa pwani hii waliisafirisha kwa karne nyingi: unakaribia kilo 8, wakati wa binadamu ni kilo 1.4 hivi. Kwa wingi wa chembe za neva, tembo wa Afrika anatushinda mara tatu, bilioni 257 dhidi ya bilioni 86 zetu. Sehemu kubwa mno ya chembe zake, hata hivyo, imo kwenye ubongo mdogo wa kisogoni, unaosimamia mwendo wa mwili. Kwenye gamba la juu la ubongo, panapofanyika kupanga na kufikiri, binadamu ana bilioni 16 na tembo hafikii hata 6. Tusidanganywe na mizani.

Mwerevu kuliko wote wasio na uti wa mgongo yumo mwambani, na kinamama wa Mafia wanamfahamu vizuri kuliko wanasayansi wengi. Maji ya bamvua yakipwa huenda kumtafuta pweza kwenye mashimo yake. Mnyama huyu ana mioyo mitatu na chembe za neva karibu milioni 500, na zaidi ya nusu yake hazimo kichwani bali mikononi, ndiyo maana mkono mmoja unaweza kupekua shimo bila kungoja amri kwa kila kitendo. Mwaka 2009 watafiti waliripoti kwamba pweza wa Indonesia wameonekana wakibeba vifuu vya nazi chini ya bahari na kuvifanya ngome. Walisema huo ni ushahidi wa kwanza wa mnyama asiye na uti wa mgongo kutumia zana. Vifuu! Kisiwa cha minazi kama Mafia kingestahili kupigania heshima hiyo.

Tuje kwa watu. Katika michezo yote ya jamii ya mankala, inayochezwa Afrika, Asia na Karibi, watafiti wengi huliweka bao la Kiswahili kileleni kwa ugumu. Mashimo ni 32, kete 64. Bao likipangwa, kila mchezaji ana kete 6 kwenye nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo yanayofuata, na 22 mkononi. Hapo ndipo kunamua huanza, kuingiza kete moja baada ya moja, hadi mkono uishe na awamu ya pili, mtaji, iingie. Ugumu wake ni kwamba ukila, kete za mwenzako hazitoki mchezoni. Unazipanda upande wako, na ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, safari inaendelea, pengine unakula tena. Hatua moja huvuruga bao zima, na kabla ya kuigusa kete ya kwanza fundi anatakiwa awe ameshaona mwisho wake.

Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mafundi wa Zanzibar akajifunza wanavyofikiri, na mwaka 1995 akatoa tasnifu yake huko Leiden kuhusu mipaka ya akili kama inavyoonekana kwenye bao. Kisha mwaka 2006 yeye na wenzake wakaeleza jambo la ajabu zaidi: zipo namna za kete kukaa ambapo hatua moja haiishi kabisa, kete zinazunguka bila kikomo. Hiyo ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na hakuna wa kuivunja rekodi yake. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, kwa hiyo anayeambiwa kwamba barazani anapoteza muda ana mtu wa kumtolea mfano.

Je, michezo ya simu inayouzwa kwa ahadi ya kunoa ubongo? Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2010 lilikuwa na washiriki 11,430 waliofanya mazoezi kwa wiki sita. Walizidi kuiweza ile michezo yenyewe. Nje ya hapo hawakuonekana kupata ziada ya maana. Mwaka 2016 kampuni inayomiliki Lumosity, programu ya michezo kama hiyo, ilikubali kulipa dola milioni 2 huko Marekani, kwa tuhuma za kuwadanganya wateja kuhusu faida hizo.

Kwa kukariri, kitabu cha Guinness kinamtaja Rajveer Meena wa India, ambaye mwaka 2015 alitaja tarakimu 70,000 za pai. Ni kazi kubwa, ingawa sijui mtu azifanyie nini. Mimi namvulia kofia zaidi hafidhi wa madrasa aliyehifadhi sura 114 na aya zaidi ya 6,200, tena kwa lugha ambayo mara nyingi si ya mama yake, akazisoma kwenye tarawehe mwezi mzima mbele ya watu wanaomsahihisha akiteleza.

Siri ya mabingwa wa kumbukumbu si kipaji. Mwaka 2017 watafiti walichapisha habari za watu wa kawaida waliofundishwa mbinu moja ya kale, nusu saa kwa siku, kwa siku 40. Mwanzoni walikumbuka wastani wa maneno 26 kati ya 72; mwishoni walipita 60. Mbinu yenyewe ni kuchukua njia unayoijua na kuweka kila neno mahali pake. Mtu wa Kilindoni ataanzia uwanja wa ndege, apite sokoni, ateremke gatini: sukari aiache kwenye njia ya kurukia ndege, mafuta ya taa ayamwage mbele ya muuza samaki, misumari aipigilie kwenye mashua. Akitaka orodha yake, aipite njia ile kichwani.

Kwa utulivu, rekodi wanayo watawa wa Kibudha. Mwaka 2004 watafiti wa Wisconsin waliwapima wanane waliokuwa wametafakari kati ya saa 10,000 na 50,000 maishani mwao, na baadhi yao wakaonyesha mawimbi ya ubongo yaitwayo gama yenye nguvu kuliko yaliyowahi kuripotiwa kwa watu wenye afya.

Lakini rekodi ninayoithamini kupita zote ni ya halaiki. Mwaka 1971 Mafia ilikuwa miongoni mwa wilaya sita, pamoja na Ukerewe, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam, zilizotakiwa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya mwaka kwisha. Wavuvi na wakwezi wa minazi wakaingia kwenye kisomo cha watu wazima. Nchi nzima, watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma mwaka 1967. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha wamebaki chini ya 10.

Hakuna aliyepima bongo zao wakati ule. Mwaka 2010, hata hivyo, Stanislas Dehaene na wenzake walilinganisha watu wa Brazil na Ureno: wasiojua kusoma, waliosoma utotoni na waliojifunza ukubwani. Kusoma kulikuwa kumebadili jinsi ubongo unavyopokea maandishi na hata matamshi, na mengi ya mabadiliko hayo yalikuwepo pia kwa wale waliochelewa kuanza.

Miongoni mwa waliochelewa zaidi alikuwa Mkenya, Kimani Maruge. Januari 2004, akiwa na miaka 84, aliandikishwa darasa la kwanza katika shule ya msingi Kapkenduiywo, Eldoret, akitaka pamoja na mengine kujisomea Biblia mwenyewe. Septemba 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuueleza Umoja wa Mataifa umuhimu wa elimu ya msingi bila malipo.