Mashine Nusu Ndani, Nusu Nje

Mwenyeji wa visiwani hahitaji kufundishwa tofauti ya mashine mbili za boti. Iko ile ifungwayo tumboni mwa chombo, ikapitisha shafti ndefu chini ya sakafu hadi kwenye rafadha; na iko ile ining'inizwayo tezini, ambayo nahodha huiinua afikapo penye maji madogo. Ya kwanza ina nguvu na haili mafuta ovyo, lakini hukalia nafasi ya abiria, na rafadha yake hukaa chini daima ikingoja mwamba. Ya pili ni nyepesi. Ila zile za miaka ya 1950 zilikuwa na ulafi mkubwa wa petroli iliyochanganywa na oili.

Kati ya hizo mbili ipo ya tatu, na historia yake ina mafunzo kwa wale ambao kalamu zao huidhinisha ununuzi wa boti.

Katika kiwanda cha Carl Kiekhaefer, mtengenezaji wa mashine za Mercury huko Wisconsin, Marekani, walikuwapo wahandisi wawili, Charles Strang na Jim Wynne. Wazo walilokuwa nalo lilikuwa hili: injini ya aina ya gari ikae ndani ya boti, ikiegemea ubao wa tezi, nje uwekwe mguu wenye gia na rafadha, uwezao kugeuka kama usukani na kuinuliwa kama mashine ya nje. Mwajiri wao, ambaye utajiri wake ulitokana na mashine za nje, hakulichangamkia. Ni tabia ya wakubwa wengi, wala si wa Marekani peke yao.

Wynne aliacha kazi. Mwaka 1958 yeye na Mdenmark Ole Botved walivuka Bahari ya Atlantiki kutoka Copenhagen hadi New York kwa boti ndogo yenye mashine za nje. Mwaka huo huo alikuwa akishughulikia mfano wa mtambo wake mpya huko Florida. Kampuni ya Volvo Penta ya Sweden, chini ya Harald Wiklund, ikaupokea. Mapema mwaka 1959, katika maonyesho ya boti mjini New York, ulimwengu ukaonyeshwa Aquamatic: injini iliyotokana na ya gari la Volvo, yenye nguvu za farasi 80. Wapo waliokwisha jaribu jambo kama hilo kabla ya Vita Kuu ya Pili, lakini huu ndio mtambo uliopata wanunuzi.

Mwaka 1960 yalifanyika mashindano ya boti kutoka Miami hadi Nassau, visiwani Bahama. Bahari ilichafuka vibaya. Mshindi alikuwa Dick Bertram katika boti yake Moppie. Wa pili akawa Wynne mwenyewe, katika boti ndogo zaidi ya futi 24 iliyosukumwa na mtambo wake. Waliokuwa wakiuita mchezo wa watoto walinyamaza. Kiekhaefer naye hakuchelewa: mwaka 1961 alitoa MerCruiser yake, na katika miaka iliyofuata ndiye aliyelitawala soko la Marekani kwa kitu alichokipuuza. Suala la nani hasa mwenye wazo lilizua mzozo mrefu. Strang baadaye akawa mkuu wa OMC, mshindani wa mwajiri wake wa zamani.

Sasa tuutazame mtambo wenyewe. Nguvu ya injini hutoka nyuma, ikapinda kona kwenda chini, kisha ikapinda tena kuifikia rafadha. Kila kona ni gia, na kila gia ina gharama yake. Pale mguu unapoungana na boti, viungo vyake hufunikwa kwa mpira wenye mikunjo kama ya kinanda cha mkono. Mpira huo ukipasuka, bahari huingia chomboni. Boti nyingi zimezama zikiwa zimefungwa gatini, bila ya mtu ndani. Aidha, hata ukiinuliwa, mguu huo hautoki majini wote, hivyo chumvi huutafuna na kombe hushikamana nao.

Tajiri wa Florida huipandisha boti yake juu jioni ya Jumapili, akamwachia fundi. Boti ya kuchukua wagonjwa au ya doria, ambayo hulala majini mwaka mzima, haina bahati hiyo. Leo hata Marekani kwenyewe mashine kubwa za nje, zisizohitaji tena kuchanganyiwa oili, zimeunyang'anya mtambo wa Wynne wateja wengi. Afisa atakayeletewa bei nafuu ya boti ya namna hii na aulize kwanza mambo mawili: mpira ule unabadilishwa kila baada ya muda gani, na ghala la karibu lenye mpira huo liko wapi.