Nani Kasema Sinema ni Anasa?

Ndugu msomaji, yamkini unalisoma gazeti hili baada ya chakula cha mchana, nguo za kazi zimeanikwa kambani, na watoto wanagombea televisheni. Huyu anataka mpira, yule anataka katuni, na mama yao anaingojea tamthilia yake ya jioni ambayo hakuna wa kumnyang'anya. Ugomvi huo ni neema, ingawa huenda hukupata kuuita hivyo. Leo tuutazame kutoka mbali kidogo, kutoka nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, mahali paitwapo Mtendeli.

Mtendeli iko wilaya ya Kakonko, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kibondo. Msafiri atokaye Kasulu kwenda Nyakanazi hupita Kibondo, kisha Kakonko. Jina hili lilifahamika nje ya Kigoma kwa sababu ya kambi ya wakimbizi wa Burundi. Waliishi hapo katika miaka ya 1990, wakati wa vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Amani iliporejea wakarudi kwao. Machafuko ya Aprili 2015 yakawaleta tena, na kambi ikafunguliwa upya mwezi Januari 2016. Desemba 2021 ilifungwa, na waliobaki wakahamishiwa Nduta, wilayani Kibondo.

Mengi yamekwisha andikwa juu ya makambi: mahema, mgawo wa chakula, foleni za maji. Yote ni ya kweli, tena mazito. Lakini siku ya mkimbizi ina saa 24 kama ya kwako. Maji yakishachotwa na kuni zikishapatikana, jioni ingalipo. Mtu huyu hana shamba la kuliendea kesho wala zamu ya kiwandani. Muda anao mwingi kuliko tajiri yeyote wa mjini, na hana pa kuupeleka. Je, wewe ungethubutu kumwuliza anapenda filamu gani? Wengi wetu tungeona haya. Tungedhani ni dhihaka, kana kwamba mwenye shida haruhusiwi kupenda kitu kisicholiwa.

Fikra hiyo tumekua nayo. Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya heshima: nchi ya vijiji haina budi kujenga shule na zahanati kabla ya kununua anasa za wachache. Sina ugomvi na hoja hiyo. Ila ikumbukwe kwamba Serikali hiyo hiyo haikuwanyima wananchi picha. Iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na magari ya sinema yalikuwa yakienda vijijini na jenereta zao, yakitundika kitambaa cheupe kwenye uwanja wa shule. Watu walitembea kwa miguu giza likiwa limeingia, wamebeba vigoda na watoto mgongoni. Huko Dar es Salaam nako, vijana waliotoka Empire au Avalon kumtazama Bruce Lee walirudi mitaani kwao wakipiga mateke hewani hata mbwa wakakimbia. Huwezi kumwambia kijana yule kwamba sinema ni jambo dogo.

Mwaka 1999, wakimbizi wa Kosovo walipokuwa wamejazana katika makambi ya Macedonia, watu wa filamu kutoka Marekani waliamua kwenda kuwaonyesha sinema. Ndivyo lilivyozaliwa shirika la FilmAid. Mwaka 2001 lilifika Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na baadaye makambi ya magharibi mwa Tanzania. Kazi yenyewe ni ya kawaida mno: turubai jeupe, mashine ya kuonyeshea, vipaza sauti, na kungoja jua litue, kwa sababu hakuna jengo la kutosha watu wote. Usiku mmoja huonyeshwa filamu ya mafunzo, labda juu ya kipindupindu au haki za wasichana, na nyingine ya kuchekesha.

Mimi navutiwa zaidi na kinachotokea picha inapokwisha. Msomaji, wewe ukimaliza kutazama unazima taa unalala. Mtazamaji wa uwanjani ana safari ya kurudi kwake gizani pamoja na jirani, na njiani hawanyamazi. Mwanamke yule alifanya vyema kumwacha mumewe? Mwizi yule alistahili kusamehewa? Mbona shujaa hakutumia akili tangu mwanzo? Hapo mtu ambaye mchana kutwa ameamuliwa kila kitu, chakula cha kula na mahali pa kulala, anasimama na kusema, "Mimi sikubaliani." Hakuna ofisi inayompa kibali cha kusema hivyo, na hakuna inayoweza kukifuta.

Tena lugha si kikwazo kama udhanivyo. Kirundi na Kiha ni ndugu wa karibu, hata Mwaha wa kijiji cha jirani na Mrundi wa kambini huelewana bila mkalimani, na mtu aliyekulia Buyenzi, mjini Bujumbura, hukizungumza Kiswahili tangu utotoni. Kwa hiyo filamu zetu za Kiswahili hazikuhitaji pasipoti kwenda kwao. Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28 tu, alikuwa na wapenzi wake ng'ambo ya mipaka. Wapo watakaosema filamu hizo zina vilio vingi, majumba makubwa mno na mwisho unaojulikana tangu dakika ya kumi. Nami nakiri vilio vimezidi. Lakini filamu mbovu yenye mabishano mazuri ni bora kuliko filamu bora inayotazamwa na watu wanaosinzia.

Usidhani hili ni porojo la mpenda sinema. Tangu Julai 1993 Radio Tanzania ilirusha mchezo wa Twende na Wakati, wenye dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mwanamume wa hovyo aliyekuja kuugua UKIMWI. Katika eneo la mtambo wa Dodoma mchezo haukurushwa hadi mwaka 1995, ili watafiti wapate kulinganisha. Waliona kwamba mchezo ulifanya kazi kubwa kwa sababu watu waliuzungumzia, mke na mume, jirani na jirani. Redio ilianzisha jambo, na watu wenyewe wakalimaliza uani.

Katika nyanda hizo redio imekuwa mwenzi wa muda mrefu kuliko televisheni. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi, ilisikilizwa kambini na vijijini vilevile. Umeme nao ulichelewa: Kibondo na Kasulu zilitegemea mitambo ya dizeli hadi mwaka 2022 ulipofika umeme wa gridi ya Taifa. Redio ndogo ya betri haikungoja nguzo.

Na pasipokuwa na betri, kuna bao. Hapa mashabiki wa mchezo huu wataniwia radhi nikikawia kidogo. Warundi wana bao lao, ikibuguzo. Lina safu nne za mashimo manane kama letu, na kete 64. Tofauti ni kwamba sisi huanza na kete chache ubaoni na nyingine mkononi, tukinamua moja moja hadi tufike mtaji. Wao huziweka zote ubaoni tangu mwanzo. Mchezaji wa Kiswahili akikaa mbele ya bao hilo hujikuta amevamiwa kabla hajapiga hesabu yake ya kwanza, na ucheshi wa watazamaji haumsaidii. Mwalimu Nyerere, aliyelipenda sana bao, hakupata kusema kwamba ni anasa.

Bao la mbao huhitaji fundi na pesa. Pasipo vyote viwili, watu huchimba mashimo 32 ardhini, wakaokota mbegu au vijiwe, wakachuchumaa. Bao la namna hiyo halihamishiki. Atakayehama huacha mashimo palepale yaliwe na mvua, akatia kete mfukoni, na afikapo aendako huanza kwa kuuliza ni nani hapa anayejua kucheza.