Maamkizi si Mazungumzo: Funzo la Sataranji Mpakani

Mtu akikaa Busia au Malaba kwa mwezi mmoja tu, hatakosa kujua namna ya kumjulia hali mwenzake kwa lugha nne au tano. Atamwamkua Mteso kwa "Yoga", Mbukusu kwa "Mulembe", na akivuka upande wa pili atauliza "Oli otya?" na kujibiwa "Gyendi". Kiswahili na Kiingereza atavichanganya humo humo, maana sokoni na kwenye foleni ya malori havikosi wasemaji. Lakini mwenyeji akiongeza sentensi ya pili, ambayo haimo katika maamkizi, utamwona mgeni wetu akitabasamu, akitikisa kichwa na kukimbilia Kiswahili. Kuamkua anajua, kuzungumza hajui.

Natoa mfano huu, mpenzi msomaji, kwa sababu nataka kuujadili mchezo wa sataranji, na hasa jinsi vijana wetu wanavyojifunza funguzi zake kutoka kwenye video za mafunzo. Mimi ni mhadhiri wa isimu, na sataranji kwangu ni burudani ya mwisho wa juma. Hata hivyo, nimeketi mara nyingi na wachezaji wa klabu ndogo ndogo za miji hii miwili, wengi wao wakiwa wanafunzi wa sekondari na walimu vijana. Niliyoyaona huko yanalihusu darasa zaidi ya yanavyouhusu ubao ule wa miraba 64.

Tuanze kwa kueleza ufunguzi ni nini. Ni zile hatua za kwanza, kumi hivi au zaidi, ambamo kila mchezaji hutoa farasi na maaskofu wake, hugombea katikati ya ubao na kumweka mfalme wake mahali pa salama. Kwa karne nyingi wataalamu wamezichunguza hatua hizo na kuzipa majina: ufunguzi wa Kihispania, wa Kiitalia, ulinzi wa Kisisilia na kadhalika. Ule wa Kihispania huitwa pia kwa jina la Ruy López, kasisi wa Uhispania ambaye kitabu chake juu ya mchezo huu kilichapishwa mwaka 1561.

Zamani, aliyetaka kuzijua funguzi hizi alihitaji kitabu cha kuagizwa ng'ambo, tena cha bei ghali. Leo anahitaji simu na bando ya intaneti. Mwaka 2020, shule zilipofungwa nchini kwa sababu ya korona, watu wengi duniani walikimbilia sataranji ya mtandaoni, na video za mafunzo zikawa nyingi kama mchanga. Kijana wa Malaba humsikiliza bingwa aliyeko New York bila kulipa nauli. Hiyo ni neema, na sitaki mtu yeyote aniweke miongoni mwa wanaoidharau.

Kasoro haimo katika video. Imo katika namna inavyotumiwa. Mwanafunzi hutazama video ya dakika ishirini, hukariri hatua kumi na mbili, kisha huenda klabuni kifua mbele. Mpinzani wake, ambaye hajaiona video hiyo, anafanya jambo jingine kabisa katika hatua ya nne. Kuanzia hapo kijana wetu ni kama dereva aliyefundishwa njia ya kutoka Mombasa hadi Malaba, kona kwa kona, halafu akakuta barabara imefungwa pale Webuye. Gari analo, mafuta anayo, lakini ramani hana.

Tazama hesabu yenyewe. Mwanzoni mchezaji wa kete nyeupe ana hatua 20 za kuchagua, na wa kete nyeusi naye ana 20. Kila mmoja akicheza mara moja tu, njia zinazowezekana ni 400. Kila mmoja akicheza mara mbili, njia hizo zimefika 197,281. Hakuna video, wala maktaba ya video, itakayomaliza njia zote hizo. Anayetegemea kukariri peke yake anayateka maji ya ziwa kwa kijiko.

Nitatoa mfano mmoja. Katika ufunguzi wa Kihispania, mweupe husogeza askari wa mfalme miraba miwili, na mweusi hufanya vivyo hivyo. Mweupe hutoa farasi kumtishia yule askari. Mweusi hutoa farasi wake kumlinda. Ndipo mweupe hupeleka askofu wake hadi mraba wa b5, akamkabili yule farasi mlinzi. Mara nyingi mweusi husogeza askari wa pembeni hadi a6, kana kwamba anamwuliza askofu, "Una nia gani?" Nimewauliza wanafunzi kadhaa: "Kwa nini usimle farasi huyo, kisha ukamla askari aliyebaki bila mlinzi?" Jibu nililopata ni hili: "Video inasema askofu arudi a4."

Sababu ipo, tena ni tamu. Mweupe akimla farasi, mweusi hulipiza kwa askari aliyesimama mbele ya malkia, jambo linalomfungulia malkia njia. Farasi wa mweupe akimla askari wa e5, malkia wa mweusi huruka hadi d4, akawatishia kwa pamoja farasi huyo na askari wa mweupe aliye e4. Farasi atakimbia, askari ataliwa, na deni litakuwa limelipwa. Hata hivyo, bingwa Bobby Fischer wa Marekani aliwahi kumla farasi huyo na kushinda, kwa kuwa nia yake haikuwa kunyakua askari bali kuharibu mpango wa askari wa mpinzani kwa muda mrefu. Hatua ni ile ile; kinachotofautiana ni sababu. Mwanafunzi aliyeielewa sababu hii anaweza kuikubali hatua ya video au kuikataa. Aliyeikariri hana hiari.

Sisi wanaisimu, tangu Noam Chomsky alipochapisha kazi yake ya mwaka 1965, tumezoea kuutenga umilisi na utendi. Umilisi ni ile maarifa ya kanuni iliyomo akilini, inayomwezesha mtu kutunga na kuelewa sentensi ambayo hajawahi kuisikia maishani mwake. Neno hilo sasa limeingia shuleni kwetu pamoja na mtaala ulioanza kutumiwa nchini kote mwaka 2019 katika madarasa ya chini. Lakini kulitia neno katika mtaala ni jambo moja, na kulitia jambo lenyewe katika vichwa vya watoto ni jambo jingine.

Walimu wa Kiswahili wananielewa vizuri hapa. Ni nani kati yetu ambaye hajasahihisha insha inayoanza kwa jua la macheo, ndege wakitumbuiza mitini na umande ukimetameta majanini, ilhali mada ni ajali ya barabarani au uchaguzi wa kiranja? Ufunguzi umekaririwa, umepambwa, tena hauna kosa hata moja la sarufi. Aya ya pili inapofika, ambapo mwandishi lazima aseme lake mwenyewe, lugha inaporomoka kama ukuta wa udongo kwenye mvua. Huyo na yule mchezaji wa klabuni ni ndugu wa toka nitoke.

Lipo pia suala la lugha. Video nyingi wanazozitazama vijana hawa ni za Kiingereza, tena cha kasi. Mwanafunzi huyanasa maneno bila maana, kisha huyarudia mbele ya wenzake kama uganga. Nadhani ingemfaa kujua kuwa mchezo huu umefika hapa ulipo kwa sababu kila taifa liliufanya wake kwa lugha yake. Wahindi waliuita chaturanga, maana yake viungo vinne, yaani vikosi vinne vya jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Kutoka huko jina lilipitia kwa Waajemi na Waarabu hata likatufikia sisi kama sataranji. Kete inayokaa kando ya mfalme ilikuwa mshauri wake kwa Waajemi na Waarabu. Wazungu wakaigeuza malkia. Tembo aligeuka askofu kwa Waingereza, lakini Wafaransa humwita mwendawazimu. Iwapo wote hao hawakuona haya kuuzungumza mchezo kwa lugha zao, sisi tunaona haya gani?

Tusiende mbali kutafuta ushahidi. Ng'ambo ya mpaka wetu, katika mtaa duni wa Katwe mjini Kampala, mwalimu Robert Katende aliwafundisha watoto sataranji bila msaada wa video wala kompyuta. Phiona Mutesi alianzia hapo. Kete zinavyokwenda alionyeshwa na mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na habari zake ziliandikiwa kitabu mwaka 2012 na kutengenezewa filamu mwaka 2016. Sisemi kwamba umaskini ni shule bora. Nasema kuwa mtoto anayemweleza mwenzake lazima apate maneno, na anayeeleza hujifunza mara mbili.

Najua yupo atakayenipinga kwa kusema kuwa mabingwa wakubwa hukariri hatua nyingi mno kuliko wanafunzi wetu. Ni kweli. Hata mtoto anayejifunza lugha huanza kwa vifungu alivyovishika kwa masikio kabla ya kujua vinavyoundwa. Kumbukumbu si adui wa akili. Lakini mtoto huyo huvivunja vifungu vile, akavipanga upya, akakosea, akasahihishwa, mpaka kanuni ikamkaa. Bingwa naye hukariri juu ya msingi wa maelfu ya michezo aliyoicheza na kuichambua. Wetu wanataka paa kabla ya nguzo.

Tufanye nini basi? Kwa wanafunzi, napendekeza ufunguzi mmoja kwa muhula mzima badala ya mmoja kila wiki. Isimamisheni video katika kila hatua, na kabla ya kuendelea mmoja wenu aseme kwa Kiswahili: kete hii inatishia nini, inalinda nini, inamfungulia nani njia? Akishindwa, msiendelee. Kisha chezeni michezo ambayo mmoja ameagizwa makusudi kuiacha njia ya video katika hatua ya nne, na mwenzake aeleze kama amefaidika au amepata hasara. Bando ya dakika ishirini itawatosha kwa wiki mbili, na mifuko ya wazazi itapumua.

Kwa walimu wenzangu, nasema kwamba huhitaji kuwa mjuzi wa sataranji ili kuilea klabu shuleni mwako. Unahitaji swali moja tu, "kwa nini?", na subira ya kulisubiri jibu. Swali hilo hilo lipeleke kwenye insha, kwenye hesabu na kwenye historia. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nami nathubutu kuongeza kuwa asiyeulizwa naye hana alilolijua. Siku mwanafunzi atakapotuambia, "Video inasema hivi, lakini mimi naona vile, na sababu yangu ni hii," hata akishindwa mchezo ule, tutakuwa tumempata msemaji.