Kiharusi cha Joto katika Mbio za Marathoni: Mpoze Mgonjwa Kabla ya Kumsafirisha

Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mji wa Moshi hupokea maelfu ya washiriki wa Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanzishwa mwaka 2003. Hicho ni kipindi cha joto kali, kabla ya mvua za masika. Siku hizi miji mingi, mikubwa kwa midogo, ina mbio zake, na neno marathoni hutumika hata kwa kilomita 5, 10 au 21, ingawa marathoni kamili ni kilomita 42.195. Ufupi wa mbio usimdanganye mtu. Anayekimbia kilomita 10 kwa kasi kubwa anaweza kuzalisha joto jingi zaidi kwa dakika kuliko anayekimbia marathoni kamili kwa mwendo wa pole.

Joto hilo hutoka wapi?

Sehemu kubwa ya nishati inayotumiwa na misuli, takribani robo tatu au zaidi, hugeuka kuwa joto. Damu hulibeba hadi kwenye ngozi, na jasho huliondoa linapogeuka mvuke. Jasho linalodondoka chini bila kukauka halipozi mwili. Kwa sababu hiyo, joto la Tanga au Unguja, ambako hewa ina unyevunyevu mwingi, humwelemea mkimbiaji kuliko joto la kiwango hichohicho katika mji mkavu kama Dodoma.

Joto linapozalishwa kwa wingi kuliko linavyotoka, halijoto ya ndani ya mwili hupanda. Ikizidi nyuzi joto 40 za sentigredi, na ubongo ukaanza kushindwa kufanya kazi yake sawasawa, hicho ndicho kiharusi cha joto. Ugonjwa huu si ule wa kupooza unaotokana na mishipa ya damu ya ubongo. Kadiri halijoto inavyobaki juu ndivyo ubongo, ini, figo na misuli vinavyozidi kuharibika.

Kuutambua ugonjwa

Dalili kuu iko katika akili na mwenendo. Mgonjwa huyumba, hujibu mambo yasiyoeleweka, huwa mkali kwa wanaomsaidia, hupata degedege au hupoteza fahamu. Wengi hudhani kwamba ngozi yake lazima iwe kavu. Mkimbiaji aghalabu huwa amelowa jasho.

Mkimbiaji anayeanguka baada ya kumaliza mbio, huku akili yake ikiwa timamu, mara nyingi ameshukiwa na shinikizo la damu kwa sababu amesimama ghafla. Huyo alazwe kivulini na miguu yake iinuliwe. Aliyechanganyikiwa ahesabiwe kuwa na kiharusi cha joto hadi ithibitike vinginevyo. Halijoto yake ipimwe kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa, kwani vipimo vya kwapani, sikioni na kwenye paji la uso huweza kuonesha kiwango cha chini kuliko hali halisi. Sukari ya damu nayo ipimwe, na malaria ichunguzwe baadaye, lakini upozaji usisubiri majibu ya maabara.

Kupoza kwanza

Mji mdogo wa Falmouth, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, huandaa mbio za takribani kilomita 11 kila Agosti, majira ya joto. Kumbukumbu za kitabibu za miaka 18 ya mbio hizo, zilizochapishwa mwaka 2015, zina wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto, ambao wastani wa halijoto yao ulizidi nyuzi 41. Hakuna hata mmoja aliyefariki. Walitumbukizwa palepale katika maji baridi yenye barafu.

Lengo ni kuishusha halijoto chini ya nyuzi 39 ndani ya dakika 30. Muda huo huweza kuishia njiani mgonjwa akiwa ndani ya gari. Hakikisha anapumua na mapigo ya moyo yapo, kisha mtumbukize hadi shingoni ndani ya pipa au beseni kubwa, mtu mmoja akikishika kichwa chake kisizame. Pasipo pipa, watu wanne hadi sita washike kingo za turubai, mgonjwa alale katikati, na maji yenye barafu yamiminwe na kuchezwachezwa. Pasipo barafu, mmwagie maji mwili mzima mfululizo huku akipepewa kwa nguvu.

Mtoe majini halijoto inapokaribia nyuzi 39, kisha apelekwe hospitali. Kama hakuna kipimajoto kinachofaa, mpoze kwa dakika 10 hadi 15 ndipo asafirishwe. Parasetamoli haisaidii, kwa kuwa hii si homa ya maambukizi.

Maji yaliyozidi nayo ni hatari

Kunywa maji kupita kiasi hushusha sodiamu katika damu na kuufanya ubongo uvimbe. Kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu mwishoni mwa Boston Marathon ya mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani, yaani walikunywa kuliko walivyotoa. Basi, mkimbiaji anywe kwa kadiri ya kiu. Mhudumu naye asikimbilie kuning'iniza dripu kwa kila aliyeanguka. Aliyevimba vidole, anayetapika na kuumwa kichwa huku halijoto yake ikiwa ya kawaida, apimwe sodiamu kwanza.

Kabla ya siku ya mbio

Mwili huhitaji takribani siku 10 hadi 14 za mazoezi katika joto ili uzoee. Anayetoka nyanda za baridi kwenda pwani azingatie hilo. Mwenye homa, au aliyetoka kuugua malaria au kuharisha, asikimbie. Anayetumia dawa za kuongeza mkojo, na mwenye selimundu au aliyerithi kinasaba chake kimoja, amwone daktari kabla ya kujiandikisha.

Waandaaji waanzishe mbio alfajiri, na waweke mapipa ya maji na barafu karibu na mstari wa kumalizia, pamoja na watu waliofundishwa kuyatumia. Gari la wagonjwa ni la lazima, lakini haliwezi kuchukua nafasi ya pipa la maji baridi.