Muziki wa Mandhari ya Giza: Sifa na Mvuto Wake

Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kuuelewa muziki kwa misingi mitatu: maneno, mahadhi na mdundo. Muziki wa mandhari ya giza unautia ufafanuzi huo katika mizani, kwani aghalabu hukosa yote mitatu.

Utanzu huu ni tawi la muziki wa mandhari, ambao Brian Eno wa Uingereza aliupa jina mnamo 1978. Eno alikusudia utulivu. Baadhi ya waliomfuata walitafuta hofu. Mfano bora ni albamu Heresy (1990) ya Lustmord, yaani Brian Williams, mzaliwa wa Wales. Humo, sauti zilizorekodiwa mapangoni na katika makaburi ya chini ya ardhi zimegeuzwa mvumo mzito, wa polepole.

Je, mvuto wake unatokana na nini? Kwanza, mwangwi humjulisha msikilizaji ukubwa wa mahali asipopaona. Pili, pasipo maneno ya kumwelekeza, yeye hujaza pengo hilo kwa taswira zake mwenyewe, mithili ya hadhira ya ngano za mazimwi zinaposimuliwa usiku. Tatu, hofu hiyo huonjwa katika usalama.

Hivyo basi, kuunyima utanzu huu jina la muziki ni kusahau kwamba sauti, hata bila neno, hubeba maana.