Wali Uliokuwa Ukinukia: Hamu ya Hoteli za Utotoni na Afya ya Mgonjwa wa Kyela

Mzee mmoja mwenye kisukari na shinikizo la juu la damu alifika kliniki, katika pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, siku ambayo nilikuwa nimeketi kando ya muuguzi nikisikiliza. Baada ya salamu na kipimo cha sukari, muuguzi alimwuliza, "Babu, wali bado unakula?" Mzee akajibu, "Wali gani, mjukuu wangu? Wali ulikuwa ule wa hoteli ya njia ya Itungi, tulipokuwa tukingoja meli. Wa siku hizi haunukii." Muuguzi akatabasamu, akaandika kwamba mgonjwa anafuata ushauri wa lishe, akamwita anayefuata. Mimi nilibaki na jibu lile. Ndani yake mlikuwa na maswali matatu ambayo hatukuyauliza: pua ya mzee huyu ni nzima? Siku hizi anakula na nani? Na je, wali ameuacha kwa namna gani?

Hoteli aliyoitaja naijua, au nyingine iliyofanana nayo. Hoteli kwa msemo wetu ni mahali pa kula, si nyumba ya kulala wageni. Zamani, MV Songea na MV Iringa zilipokuwa ndizo barabara ya watu wa Lupingu, Manda, Liuli na Mbamba Bay, ratiba ya meli ilikuwa jambo la karatasi tu. Familia zilishuka Kyela na mizigo yao, zikasogea bandari ya Itungi, zikangoja. Kungoja kulihitaji chakula. Katika hoteli niliyopelekwa mimi, fundi wa rangi alikuwa ameugeuza ukuta mzima kuwa ziwa: maji ya buluu, meli yenye bendera kubwa kupita kiasi, samaki aliyeizidi meli kwa ukubwa, na nyuma yake Milima ya Livingstone. Mabenchi yalipangwa kuelekea ukuta huo, hivi kwamba sisi watoto tulijiona tumekwisha kupanda sitahani kabla ya safari. Kililetwa wali wa Kyela, maharage, kipande cha mbasa, na kwa watoto chai ya maziwa katika vikombe vya bati vilivyounguza midomo. Sijui kama chakula kile kilikuwa kitamu kuliko cha mama. Nadhani hakikuwa. Lakini baba alikuwa ameketi nasi muda mrefu bila kwenda popote, jambo ambalo nyumbani halikutokea.

Kula pamoja na wenzio ni jambo lenye mizizi mirefu katika sehemu hii kuliko hoteli yoyote. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, walikuta vijiji vilivyojengwa kwa kufuata rika. Mvulana alipofika umri wa miaka 10 au 11 aliondoka kulala kwa wazazi, akajenga kibanda pamoja na wenzake wa rika moja. Hata hivyo hawakujipikia. Walizunguka kwa kundi, leo wakila kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Monica Wilson alikipa kitabu chake cha mwaka 1951 jina la Good Company, akieleza neno la Kinyakyusa ukwangala: raha ya kuwa na wenzio, kuzungumza na kula nao, ambako mtu hujifunzia adabu na busara. Vijiji vile vya rika havipo tena kwa sura ile. Hata hivyo mtoto aliyelelewa na watu waliotoka humo hawezi kuuona wali kuwa wanga peke yake.

Sasa tuje kwenye hamu yenyewe. Mwaka 1688, Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari huko Basel, Uswisi, aliandika tasnifu kuhusu Waswisi waliodhoofika walipokuwa mbali na kwao. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, nostos, yaani kurudi nyumbani, na algos, yaani maumivu, akapata nostaljia. Kwa zaidi ya karne moja madaktari waliihesabu kuwa ugonjwa; hata katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865) waliiandika katika kumbukumbu za wanajeshi wagonjwa. Dhana hiyo imeachwa. Tangu mwaka 2006 Tim Wildschut, Constantine Sedikides na wenzao wameonesha kwa tafiti nyingi kwamba nostaljia kwa kawaida humhusu mtu akiwa kati ya watu wake wa karibu, na kwamba mara nyingi huamshwa na huzuni au upweke. Ikishaamka, humrudishia mtu hisia kwamba ana watu wanaomjali. Kwa maneno mengine, mzee anayesimulia hoteli ya Itungi huenda anajitibu mwenyewe mbele yetu, na pia huenda anatueleza kwamba ni mpweke. Mawili hayo hayapingani.

Kwa nini chakula, na hasa harufu yake, kiwe na nguvu hii? Juu kabisa ndani ya pua kuna utando mdogo wenye chembe za kunusa. Binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi vya harufu. Richard Axel na Linda Buck walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2004 kwa kugundua jamii ya jeni zinazovitengeneza. Taarifa ya kile tunachokiona au kukisikia hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi kabla ya kufika kwenye gamba la ubongo. Harufu haina haja ya kungoja hapo. Kutoka puani huenda kwenye balbu ya kunusa, na kutoka hapo hatua chache tu kufika amigdala, penye hisia, na hipokampasi, penye kumbukumbu. Johan Willander na Maria Larsson wa Sweden walichapisha mwaka 2006 matokeo ya kuwapa wazee maneno, picha na harufu ili waseme wanakumbuka nini. Maneno na picha viliamsha zaidi mambo ya umri wa miaka 11 hadi 20. Harufu iliwarudisha kabla ya miaka 10. Ndiyo maana mtu asiyekumbuka alikula nini juzi aweza kumkumbuka aliyempakulia wali akiwa darasa la pili.

Na wali wetu una harufu kweli. Mchele unaonukia, popote duniani, hupata sehemu kubwa ya harufu yake kutokana na kemikali iitwayo 2-asetili-1-pirolini, ambayo ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika ganda la mkate uliotoka tanuri. Kemikali hii huruka hewani kwa wepesi, hivyo mchele uliokaa sana ghalani hupoteza harufu. Aidha, kila anayekwenda sokoni anajua kwamba si kila gunia linaloitwa Kyela limetoka Kyela. Mzee akisema wali wa siku hizi haunukii, huenda anasema ukweli mtupu kuhusu mchele.

Huenda pia anasema ukweli kuhusu pua yake. Uwezo wa kunusa hupungua kwa uzee, na wengi hawajui kwamba umepungua. Hudhani chakula ndicho kimebadilika. Kamasi za muda mrefu, uvimbe ndani ya pua, tumbaku na UVIKO-19 huweza kuuondoa. Katika ugonjwa wa Parkinson na ule wa Alzheimer, kupungua kwa kunusa huweza kutangulia dalili nyingine kwa miaka. Zipo na dawa zinazoharibu ladha, nazo ni zile tunazozitoa kila siku: kaptoprili ya shinikizo la damu, metformini ya kisukari, metronidazo. Mgonjwa huhisi ladha ya chuma mdomoni, akaongeza chumvi na sukari ili chakula "kikolee", kisha sisi tunashangaa kwa nini vipimo havishuki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni karibu kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, pamoja na chumvi iliyomo ndani ya samaki wakavu.

Kumpima mtu pua hakuhitaji maabara. Mfumbe macho, zibe tundu moja la pua, mkaribishie buni zilizokaangwa, ganda la chungwa, sabuni. Kisha tundu la pili. Usitumie amonia wala kitu kiwashacho, kwa sababu muwasho hupita katika neva nyingine na utadanganyika. Asiyetambua chochote achunguzwe zaidi. Nyumbani aambiwe pia kuwa makini na moshi, gesi na chakula kilichochacha, maana hatavisikia.

Swali la tatu ndilo linalonipa hofu zaidi. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza, takriban asilimia 9 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari, na asilimia 26 shinikizo la juu la damu. Ni watu wengi, muda wa kliniki ni mfupi, na ushauri nao umefupishwa: "Acha wali." Mgonjwa wa Kyela akiambiwa hivyo, chakula kinachofuata karibuni ni ndizi, mihogo au ugali, ambavyo navyo ni wanga. Akitii kwa ukali na kuviacha vyote, huku anameza glibenklamaidi au anajichoma insulini, sukari yake yaweza kushuka chini ya 3.9. Ataona jasho, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa. Asipotibiwa, hupoteza fahamu. Vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, ikiwa bado anaweza kumeza, huokoa maisha. Baada ya dakika 15 apimwe tena. Wanafamilia wanapaswa kulijua hilo kabla hata ya kuijua orodha ya vyakula.

Ushauri ulio sahihi zaidi ni mrefu kidogo. Wali haukatazwi, unapimwa. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe samaki au maharage, robo iliyobaki iwe wali. Ndizi mbichi za kupika ni afadhali kuliko ndizi mbivu, kwa kuwa sehemu ya wanga wake humeng'enywa polepole. Mawese, yanayopatikana kwa wingi hapa, karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayoganda, basi yatiwe kwa kijiko, yasimiminwe. Chai inyweke bila sukari. Nakiri kwamba hilo ndilo gumu kuliko yote.

Kuna kikwazo ambacho vitabu vya lishe vilivyoandikwa mbali havikitaji: sinia. Palipo na sinia moja na mikono sita, hakuna awezaye kusema amekula kiasi gani. Nimewaona wagonjwa waangalifu ambao, ili wasizidishe, wameacha kabisa kwenda walikozoea kula na wenzao. Vipimo vinashuka, na baada ya miezi michache wanadhoofu, hawalali, hawaji kliniki. Hapo tumetibu sukari tukamwondolea mtu ukwangala, na hakuna fomu yetu yenye nafasi ya kuandika madhara hayo. Sahani ya pembeni, iliyopakuliwa mapema na kuliwa kwenye jamvi lile lile, hutatua sehemu kubwa ya tatizo, ikiwa jamaa wameelezwa sababu na hawataiona kuwa ni kiburi.

Kwa wazee waliopungukiwa kumbukumbu, masimulizi ya namna hii hutumika makusudi kama sehemu ya matunzo: picha ya meli, chungu cha Wakisi kutoka gulio la Lyulilo karibu na Matema, harufu ya samaki wa kuokwa. Tafiti zilizokusanywa zinaonesha faida ndogo na zisizolingana katika hali ya maisha na mawasiliano, basi tusiahidi miujiza. Tukumbuke pia kwamba si kila utoto ulikuwa mtamu. Mgonjwa akinyamaza au akianza kutetemeka, achieni hapo.

Nilimwomba muuguzi amwite tena yule mzee. Buni alizitambua kabla hazijamfikia, na ganda la chungwa pia. Pua ilikuwa nzima. Tulipomwuliza anakula na nani, alikaa kimya, kisha akasema kwamba tangu mwaka uliopita anapelekewa sahani chumbani: ugali mdogo na mboga. Kwa mdogo wake, ambako wazee wenzake hukutana Jumapili, haendi tena, kwa sababu kule hupikwa wali na yeye "amekatazwa na hospitali". Mara mbili alikuwa ameamka usiku na jasho jingi, hakumwambia mtu, akidhani ni malaria.

Daktari alipunguza dozi ya glibenklamaidi. Muuguzi, na nampongeza kwa hili, alimpigia simu yule mdogo wa mzee, akamwelekeza juu ya robo ya sahani. Mwezi uliofuata sukari ilikuwa imepanda kidogo, si kwa kiasi cha kutisha, na jasho la usiku lilikuwa limekoma. Muuguzi akamwuliza kuhusu wali wa Jumapili. Mzee akasema ulikuwa mwingi wa kutosha na maneno yalikuwa mengi kuliko wali, ila kunukia, bado haujafika ule wa njia ya Itungi.