PORI LETU SI TUPU

Ukisafiri kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa wakati wa kiangazi, utaona mapori mengi. Miti imepukutisha majani. Nyasi zimekauka. Mgeni akipita husema, "Huku hakuna kitu, ni pori tupu." Maneno hayo si ya kweli. Yalisemwa tangu zamani, na waliyoyaamini walipata hasara kubwa. Leo tutaeleza kwa nini.

NCHI YA MPAKANI

Nachingwea na Ruangwa zilikuwa wilaya moja. Ruangwa ilitengwa mwaka 1995. Zote ziko mkoa wa Lindi. Kusini, si mbali sana, ni mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji.

Wamwera ni wenyeji wa siku nyingi. Karibu nao wako Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita nchi ya kusini, kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi pwani ya Kilwa na Lindi. Wangoni nao walikuja kuteka. Watu walikimbilia porini, hatari ikipita wakarudi kulima.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi, vikaenea upesi hadi Umwera. Vilikwisha mwaka 1907. Wajerumani hawakutumia bunduki tu. Walichoma mashamba na maghala ili watu washindwe kwa njaa. Wanahistoria wengine wanakadiria kwamba watu 250,000 au zaidi walikufa, wengi wao kwa njaa. Sehemu nyingi zilizolimwa zikarudi kuwa msitu. Basi ukikuta mwembe mkongwe au vigae vya vyungu katikati ya pori, usiseme hapakukaa mtu. Huenda palikuwa kijiji.

KARANGA ZILIZOSHINDWA

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni 3. Wataalamu wao walizunguka wiki chache tu, mara nyingi kwa ndege. Kutoka juu, nchi ilionekana tupu.

Matrekta makubwa yakaanza kung'oa miti. Lakini msitu wa Nachingwea ulikuwa mnene, na kazi ikaenda polepole. Ilibidi pia kujenga bandari Mtwara na reli kutoka pwani mpaka Nachingwea. Gharama zikapanda, karanga zikawa chache. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Zaidi ya pauni milioni 36 zilipotea. Reli ilifungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Bandari ya Mtwara ndiyo iliyobaki.

Kosa lilikuwa nini? Hawakumwuliza mwenyeji. Mkulima wa hapa alijua mvua na udongo wake, lakini alihesabiwa kuwa mjinga kwa sababu hakusoma.

Miaka ya 1960 wapigania uhuru wa FRELIMO walipewa kambi Nachingwea. Samora Machel aliwaongoza wapiganaji hapo. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Nchi iliyoitwa tupu ilisaidia kukomboa nchi nzima!

NDANI YA PORI MNA NINI?

Mna mpingo. Mti huu ni mzito, ukiutia majini unazama. Wachongaji huutumia kwa vinyago, na Ulaya hutengenezewa zumari na ala nyingine za muziki. Lakini mpingo hukua polepole mno. Huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Anayeukata leo hatauona mwingine mkubwa mahali pale. Mna pia mninga, ambao hutoa mbao nzuri za milango na vitanda.

Mna ndiga. Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Wazee huikatakata na kuiloweka siku nyingi kabla ya kuila. Usiijaribu bila mtu anayeijua.

Na mna ming'oko. Nani wa kusini asiyeijua ming'oko? Huu nao ni mmea wa porini wenye viazi vyembamba. Shina lake hutambaa juu ya miti. Kiangazi shina hukauka, lakini viazi hubaki ardhini. Akina mama huufuata ule ukamba mkavu, wakachimba. Ming'oko huchemshwa kwa chumvi, ikaliwa nyumbani au kuuzwa barabarani. Haikupandwa na mtu wala haikutiwa mbolea, lakini imelisha watu wakati ghala halina kitu.

TUFANYE NINI?

Siku hizi, msitu unapofyekwa na kuchomwa ovyo, wachimbaji hulazimika kwenda mbali zaidi. Hasara hiyo tunaileta sisi wenyewe. Basi tufanye haya:

1. Ukichimba ming'oko, usitupe kichwa cha mmea. Kirudishe shimoni ukifukie, kichipue tena mvua zikianza.
2. Usichome pori ili kuwinda. Moto huua miche michanga.
3. Tuutenge msitu wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu. Jambo hili lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji.
4. Wewe unayejua kusoma na kuandika, chukua daftari. Muulize bibi au babu majina ya mimea na kazi zake, uyaandike. Wazee wakiondoka, elimu hiyo huondoka nao.

Waingereza waliyaona mapori haya kwa ndege, wakasema ni matupu. Sisi tunayaona kwa miguu kila siku. Hatutakuwa na la kujitetea.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mpango wa karanga ulishindwa Nachingwea?
2. Katika kijiji chenu, ming'oko ilichimbwa wapi zamani? Sasa inachimbwa wapi?
3. Ni mti gani mliokuwa nao zamani ambao leo hauonekani?